Udongo Ungali Maji

Mkenya aliyezaliwa baada ya 2002 hawezi kukisia jinsi Rais alivyokuwa amejaa ndani ya siku ya mtu wa kawaida. Ukiwasha redio saa saba mchana, taarifa ya habari ilianza na Mtukufu Rais: alikokwenda, aliowahutubia, kanisa aliloshiriki ibada Jumapili. Ukiingia dukani kununua mkate, picha yake ilikutazama kutoka juu ya rafu ya sabuni na mafuta ya kupikia, kwa kuwa hakukuwa na mwenye duka aliyethubutu kuuza bila picha hiyo. Ukitoa noti, ni yeye. Ukirudishiwa chenji, ni yeye tena. Hata maziwa tuliyogawiwa shuleni tuliyaita maziwa ya Nyayo, kwa jina la kaulimbiu yake. Daniel arap Moi alishika nchi Agosti 1978, na kufikia 2002 alikuwa ametawala miaka 24. Chama chake, KANU, kilikuwa madarakani tangu uhuru. Nilikuwa nimesoma, nimepata kazi, nimeanza kulipa kodi ya nyumba Eastlands, na sikuwa nimewahi kuona serikali ikitoka mkono mmoja kwenda mwingine.

Vijana wananiuliza kwa nini sisi wa umri wangu hubadilika sauti Desemba 2002 ikitajwa. Wao wanaujua mwisho wa hadithi: ufisadi uliorudi, urafiki uliovunjika, damu ya 2007. Wanatuona kama watu waliodanganywa mchana kweupe na bado wanamsifu aliyewadanganya. Jibu la haraka ni kwamba wanasiasa walikula matumaini yetu, nalo lina ukweli wake. Lakini halielezi jambo moja ambalo limenishughulisha kwa muda mrefu: sehemu ya matumaini yale haikuliwa. Ipo. Tunaitumia kila siku bila kuitambua, huku sehemu nyingine, tuliyoidhani ndiyo kubwa zaidi, ikiwa imepotea kabla ya mwaka kwisha. Kwa nini hii ikabaki na ile ikapotea?

Usiku wa karabai

Wazo la kumshinda Moi halikuwa geni. Mwaka 1992 alichukua urais kwa asilimia 36 tu ya kura, kwa sababu Kenneth Matiba, Mwai Kibaki na Jaramogi Oginga Odinga waliosimama dhidi yake waligawana sehemu kubwa ya zilizobaki. Mwaka 1997 alipata 40, na wapinzani wakagawana tena. Hesabu hiyo iliwezwa na kila mtu sokoni. Walioshindwa nayo ni viongozi wenyewe.

Katiba ilimzuia Moi kugombea tena 2002, naye akamnyanyua Uhuru Kenyatta, mwana wa Rais wa kwanza, kuwa mrithi. Vigogo waliojiona wamerukwa wakatoka KANU kwa hasira. Mnamo Oktoba 14, katika bustani ya Uhuru Park, mmoja wao, Raila Odinga, akasema maneno mawili, “Kibaki Tosha,” na hesabu ya miaka kumi ikapata jibu. Muungano wa NARC ukawa na mgombea mmoja.

Tarehe 3 Desemba Kibaki akapata ajali barabara ya Mombasa, akapelekwa kutibiwa London. Hapo ndipo nilipoanza kuona kwamba mwaka huu ni tofauti. Mgombea alikuwa kitandani ng'ambo, na kampeni ikaendelea. Raila na wenzake wa NARC, Kijana Wamalwa na Charity Ngilu, walizunguka nchi, na watu wakajaa viwanjani vilevile. Kwenye matatu wimbo wa Unbwogable wa Gidi Gidi Maji Maji ulipigwa asubuhi na jioni, na abiria wasiojua Kijaluo hata kidogo waliuimba kwa sauti.

Nikisimulia siku ya kura, Ijumaa tarehe 27 Desemba, wengi hutarajia nizungumzie foleni. Foleni zilikuwa ndefu, ndiyo, na kila mtu alionyesha kidole chenye wino. Kilichonibaki ni usiku wake. Katika chaguzi zilizotangulia, kura zikishapigwa, masanduku yalifungwa, yakapakiwa kwenye magari na kupelekwa mbali kuhesabiwa. Kati ya kituo na ukumbi wa kuhesabia palikuwa na barabara, giza na uvumi. Mwaka 2002, kwa mara ya kwanza, kura zilihesabiwa palepale zilipopigwa. Katika darasa la shule ya msingi, chini ya taa ya karabai, msimamizi wa kituo alitoa karatasi moja moja, akaifunua, akawaonyesha mawakala wa vyama, akataja jina. Sisi tuliokuwa nje tulisikia jina hilo kupitia dirishani, tukahesabu kwa vidole, wengine kwa vijiti vya kiberiti. Walipomaliza, mawakala walitia sahihi.

Simu za mkononi hazikuwa nyingi kama leo, lakini zilitosha. Wakala alimpigia mwenzake wa kituo cha pili, yule akampigia wa tatu. Kabla ya mapambazuko, bawabu wa mtaa wetu alikuwa na matokeo ya vituo vyote vya jirani ilhali redio ya taifa ikiendelea kucheza muziki. Hakuwa wakala wa mtu. Alikuwa na kalamu na ganda la pakiti ya sigara.

Kibaki alipata asilimia 62, Uhuru 31. Uhuru akakubali kushindwa. Hakukuwa na namna nyingine, maana watu waliijua hesabu kabla haijasomwa.

Jumatatu na Jumatatu

Kibaki aliapishwa Jumatatu, tarehe 30 Desemba, Uhuru Park, akiwa kwenye kiti cha magurudumu, mguu umefungwa plasta. Umati ulikuwa mkubwa hata miti ilibeba watu. Moi alikuja kukabidhi madaraka, akazomewa, na matope yakarushwa kuelekea msafara wake. Sikuifurahia sehemu hiyo hata siku ile. Mtu aliyekuwa akikabidhi nchi bila risasi kulia alistahili kuondoka bila tope. Rais mpya aliahidi kwamba enzi ya matamko ya barabarani imekwisha na kwamba ufisadi hautakuwa tena desturi ya maisha.

Jumatatu iliyofuata, Januari 6, shule zilifunguliwa, na hapo uchaguzi ukaingia nyumbani. NARC ilikuwa imeahidi elimu ya msingi bila malipo. Mama aliyetuuzia sukuma wiki langoni mwa mtaa hakufungua kibanda asubuhi hiyo. Alikuwa na binti wa miaka kama kumi ambaye masomo yake yalikuwa ya kukatikakatika, muhula ndani, muhula nje, kutegemea soko. Alirudi saa tano, akapanga nyanya zake na kusema, “Wamemwandika. Hawakuniuliza pesa.” Kisha akaongeza, huku akinipimia mboga, “Nilikuwa nimezificha kwenye kanga, ikiwa wataniuliza.”

Nchi nzima ilifanya kama yeye. Wanafunzi wa shule za msingi waliruka kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2. Kulikuwa na madarasa ya watoto zaidi ya 100, watoto chini ya miti, walimu waliopoteza sauti kufikia Jumatano. Serikali ilitenga shilingi 1,020 kwa kila mtoto kwa mwaka, fedha ambazo hazikulingana na umati ule. Mwaka uliofuata, mjini Eldoret, Kimani Maruge mwenye miaka 84 alivaa kaptura na soksi ndefu akaingia darasa la kwanza, kwani tangazo halikuwa limetaja umri.

Wiki zile zile kulikuwa na jambo la pili, lisilokuwa na waraka wowote wa serikali. Watu walianza kukataa kutoa kitu kidogo. Magazeti yaliripoti raia waliowakamata polisi wenyewe kwa kuchukua hongo. Mimi nilikuwa kwenye matatu, Barabara ya Jogoo, afisa mmoja aliponyoosha mkono dirishani kama ilivyokuwa ada. Makanga alikuwa tayari ameikunja noti ya hamsini. Mama mmoja wa kiti cha nyuma akasema, “Kijana, hiyo pesa ni yetu. Usiitoe.” Gari zima likadakia. Afisa akarudisha mkono mfukoni, akatuashiria tupite, na tukaondoka tukipiga makofi kama watoto. Shirika la Gallup lilifanya utafiti kipindi hicho katika nchi nyingi, likakuta Wakenya ni miongoni mwa watu wenye matumaini makubwa kuliko wote duniani. Hatukushangaa. Tulishangaa tu kwamba kuna nchi nyingine zilizokuwa karibu nasi.

Februari, serikali ikafungua vyumba vya chini ya Nyayo House, jengo ambalo sote tulilijua kwa foleni za pasipoti. Watu waliokuwa wamepanda ngazi zake kutafuta stempu walishuka chini na kuona mahali wakosoaji wa serikali walipoteswa miaka ya 80. Niliona wanaume wazima wakitoka pale bila neno.

Yaliyofungiwa ndani

Ikiwa unataka kujua yalianzia wapi kuharibika, tazama mambo ambayo hatukuonyeshwa.

La kwanza ni mkataba wa maelewano. Kabla ya uchaguzi, pande mbili za NARC, ule wa Kibaki na ule wa Raila, zilitia sahihi makubaliano ya kugawana nyadhifa nusu kwa nusu, na kuundwa kwa cheo cha waziri mkuu ambacho kingemwendea Raila. Baraza la mawaziri lilipotangazwa, upande wa Raila ukalia kwamba umedhulumiwa. Sisi tulioipigia kura NARC tulisikia habari za karatasi hiyo kama watoto wanaosikia wazazi wakigombana chumbani. Matumaini ya mamilioni yalikuwa yamejengwa juu ya waraka ambao hatukuwahi kuusoma. Hatukuweza kusema nani ameuvunja, kwa hiyo kila mtu aliamini upande wa kwao. Ukabila ulirudi kupitia mlango huo.

La pili ni katiba mpya, iliyoahidiwa ndani ya siku 100. Siku hizo zilikwisha kabla mkutano wa katiba wa Bomas haujafunguliwa, mwishoni mwa Aprili 2003. Rasimu ilizozaniwa, ikabadilishwa, ikafika kwa wananchi Novemba 2005 ikiwa na alama ya ndizi kwa wanaokubali na chungwa kwa wanaokataa. Chungwa lilishinda kwa takriban asilimia 58, na muungano wa 2002 ukazikwa rasmi.

La tatu ni Anglo Leasing. Mwaka 2004 ilifichuka kwamba serikali iliyoapa kuua ufisadi ilikuwa na mikataba ya mamilioni na kampuni hewa, mmojawapo wa mashine za kuchapisha pasipoti mpya. Zilikuwa zabuni za usalama, maana yake zabuni za siri. John Githongo, katibu wa kudumu aliyepewa kazi ya kupambana na ufisadi, alijiuzulu Februari 2005 akiwa ng'ambo. Kwa hiyo katika jengo lile lile la Nyayo House tulikuwa tumeonyeshwa dhambi za serikali iliyopita chini ya ngazi, huku mkataba wa pasipoti wa idara ya juu ukiwa umefungiwa.

Na kitu kidogo? Kilirudi kimyakimya. Sikumbuki siku. Nakumbuka tu kwamba kuna asubuhi afisa alinyoosha mkono, makanga akatoa, na hakuna aliyesema neno, mimi nikiwemo. Mwaka 2004 waziri wa uchukuzi John Michuki aliweka mikanda kwenye matatu, vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, mstari wa manjano ubavuni, na abiria 14 basi. Kwa miezi kadhaa tulisafiri kama mabalozi. Baadaye mikanda ikawa michafu, kisha ikakatika, kisha ikabaki ya kumwonyesha polisi, na polisi mwenyewe akawa na bei yake.

Tulifika Desemba 27, 2007 tukiwa watu tofauti. Tulipiga kura kwa wingi, kura zikahesabiwa vituoni, mawakala wakatia sahihi. Lakini safari hii giza lilikuwa kati ya kituo na ukumbi wa KICC, mahali takwimu zilipojumlishwa. Tume ya Jaji Johann Kriegler ilichunguza baadaye na kusema haiwezekani kujua kwa hakika nani alishinda. Kibaki aliapishwa jioni, katika bustani ya Ikulu, Desemba 30, tarehe ile ile ya miaka mitano nyuma. Mara ya kwanza miti ilibeba watu. Mara ya pili hatukualikwa. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa katika wiki zilizofuata na mamia ya maelfu wakahama makwao.

Yaliyomo mfukoni

Sasa nirudi kwenye swali langu. Kati ya yote tuliyotumaini, nini kimesalia?

Toa pesa mfukoni uzitazame. Mwaka 2003 noti zilianza kurudia sura ya Mzee Jomo Kenyatta, na tukaona ni ishara njema: Rais mpya hataki kujichapisha. Mwezi Desemba mwaka huo huo ikatoka sarafu ya shilingi 40 ya kuadhimisha miaka 40 ya uhuru, na uso wa Kibaki ukawa juu yake. Ulikuwa mzaha wa mwaka. Lakini watu hawakusahau, na katiba iliyopitishwa Agosti 2010 ikasema katika kifungu cha 231 kwamba sarafu na noti zisibebe picha ya mtu yeyote. Leo shilingi ina twiga, tano ina kifaru, kumi simba, ishirini ndovu. Noti mpya zilipotoka 2019 na jengo la KICC likaonekana pamoja na sanamu ya Kenyatta, wananchi walikwenda mahakamani mara moja. Mahakama Kuu haikukubaliana nao, lakini angalia kasi yao: hakuna aliyehitaji kuvujishiwa waraka. Ushahidi ulikuwa kwenye pochi ya kila mtu.

Shule nayo imesalia. Kifungu cha 53 kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Najua pesa za mtihani, za chakula, za “motisha” zimejipenyeza. Mzazi yeyote atakuorodheshea. Hilo ndilo neno lenyewe: ataorodhesha. Anajua kilichopaswa kuwa sifuri, na analia kwa sauti kikizidi sifuri.

Na usiku wa karabai umesalia. Kifungu cha 86 kinataka kura zihesabiwe na matokeo yatangazwe kituoni. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba matokeo ya urais yaliyotangazwa ngazi ya eneo bunge hayawezi kubadilishwa makao makuu. Mwaka 2022 tume iliweka fomu za vituo zaidi ya 46,000 kwenye tovuti ya umma, na vijana wakakaa na simu na kompyuta wakijumlisha wenyewe, kama bawabu wetu na ganda lake la sigara. Kesi ilikwenda Mahakama ya Juu, kukawa na hasira, lakini nchi haikuungua.

Sehemu hizi tatu za matumaini yale zinafanana kwa jambo moja. Mama mboga anaweza kuzikagua. Haombi kibali, haandiki barua, hahitaji kumjua mtu ofisini. Pesa anaishika, mtoto anamwandikisha, fomu anaisoma ukutani. Katiba hiyo hiyo ina sura nzima ya sita kuhusu maadili ya uongozi, iliyoandikwa vizuri sana, na watuhumiwa wanagombea na kushinda kila msimu, kwa sababu kuikagua kunapitia ofisi, na ofisi ina milango. Mkataba wa maelewano ulikuwa sandukuni. Anglo Leasing ilikuwa kwenye faili la siri. Mkanda wa matatu ulimhitaji polisi. Na kukataa hongo, kulikotupendeza kuliko yote, kulitegemea moyo wetu peke yake, nao moyo huchoka.

Nisieleweke vibaya: moyo ndio ulioanza. Kama wazazi hawangejitokeza kwa mamilioni ile Januari, ahadi ya shule ingezikwa na kamati. Tulichokosea kama taifa ni kusherehekea furaha kwa muda mrefu mno. Waliotutangulia walituachia methali, udongo uwahi ungali maji, na sisi tulikuwa na miezi sita ya udongo laini kuliko wakati mwingine wowote. Tungeweza kudai zabuni zote zichapishwe gazetini. Tungeweza kudai mkataba wa NARC usomwe redioni kabla ya kura. Makanga angeweza kubandika kwenye kioo faini halali ya kila kosa, ili afisa anyooshe mkono mbele ya abiria 14 wanaojua bei. Badala yake tulimwachia Kibaki, mtu mmoja mwenye mguu wa plasta, aje atufanyie.

Wagombea watakuja tena na watasema maneno mazuri, wengine watayamaanisha. Mimi nimepunguza maswali yangu hadi moja, na nakushauri ulichukue: ahadi yako nitaikagua vipi mimi mwenyewe, bila ruhusa ya mtu, nikiwa njiani kwenda kazini? Akikosa jibu, mpigie kura ukitaka, lakini usimhesabie kitu. Na akishinda akiwa na jibu, mdai liandikwe kabla ya Pasaka, wakati bado anaogopa kukutana nawe barabarani.